Hasira ya bosi nayo ni gharama, iandikwe daftarini

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka mvua zinapokatika na vichwa vya alizeti kuanza kukauka mashambani, mkoa wa Singida huingia katika miezi inayoamua nani atafaidika na nani ataumia. Wakulima huvuna na kupiga mbegu, malori huanza kupita vijijini, na wenye mashine za kukamua hutoa fedha zao, mara nyingi zikiwa za mkopo, ili wanunue mbegu ya kutosha kabla wengine hawajaimaliza. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Anayekosea wakati wa manunuzi hana msimu wa pili wa kujirekebisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara wengi wamelishika neno hilo. Daftarini mwao mna bei ya mbegu, nauli ya lori, ushuru, umeme, ujira wa vibarua, bei ya magunia na riba ya benki au ya SACCOS. Gharama moja haimo. Ni ile inayotokana na tabia ya mwenye biashara mwenyewe: hasira yake, kiburi chake, woga wake, upendeleo wake na mazoea yake ya kuwakata watu kauli. Gharama hiyo hulipwa kwa fedha taslimu kama nyingine zote, isipokuwa mlipaji hajui kwamba anailipa.

Makala haya yanawahusu wote wanaoongoza watu kazini, wawe na vibarua wanne au wafanyakazi arobaini: mwenye mashine ya alizeti, mnunuzi wa vitunguu, mwenye malori, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha msingi. Yanawahusu pia wenye mitaji midogo wanaoweka fedha zao katika biashara za wengine, kwa kuwa fedha hizo zinaongozwa na tabia za mtu wasiyemwona kila siku.

Hesabu ya magunia 100

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mwenye mashine amenunua magunia 100 ya alizeti, kila gunia kilo 65. Jumla ni kilo 6,500. Tuseme mashine yake ikiwa nzima hutoa kilo 25 za mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu. Sasa vyuma vya ndani vya kukamulia vimeanza kulika, mafuta mengine yanabaki ndani ya mashudu, na mashine inatoa kilo 23 badala ya 25. Kwa macho tofauti hiyo haionekani. Kwa hesabu, magunia yale 100 yamepoteza kilo 130 za mafuta, ambazo ni lita zipatazo 140, yaani madumu saba ya lita 20. Kwa magunia 2,000 ni madumu 140. Kila mwenye mashine anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya dumu ya siku hiyo.

Katika mfano wetu, fundi alijua. Aliyashika mashudu mkononi akaona yana mafuta kuliko kawaida, akasikia na mlio wa mashine umebadilika. Lakini msimu uliotangulia alipotoa taarifa ya namna hiyo aliambiwa, mbele ya vibarua, kwamba ameiharibu mwenyewe na sasa anatafuta fedha ya vipuri aile. Safari hii bosi alipopita na kuuliza, fundi alijibu, "Iko vizuri tu, mzee." Hakuiba wala hakuzembea. Alijilinda asiaibishwe mara ya pili.

Mwisho wa mwezi mwenye mashine ataona mafuta yamepungua. Atalaumu mbegu, atalaumu umeme unaokatika, atalaumu wakulima kwamba wameweka mchanga, huenda hata akamshuku mpima mizani. Mahali pa mwisho atakapopatazama, kama atapatazama kabisa, ni ile siku aliyomfokea fundi. Nyani haoni kundule.

Ukimya huo una hatari nyingine isiyohesabika kwa madumu. Kibarua anayeogopa kusema mafuta yanachuruzika ataogopa pia kusema kwamba mkanda wa mashine hauna kinga, au kwamba waya wa umeme umechubuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na wakaguzi wa OSHA wapo. Lakini mkaguzi huja kwa siku, na mwenye mkono wake karibu na mkanda yupo pale kila siku. Akinyamaza huyo, hakuna wa kumwambia bosi mapema.

Heshima inapofunga midomo

Biashara nyingi za mkoani hazina meneja wa utumishi wala ofisi ya malalamiko. Bosi ni baba, mjomba, shemeji au mzee wa mtaa. Anayepima ni mpwa, anayetunza fedha ni mke, dereva ni mtoto wa jirani. Watu hawa wamelelewa kumwamkia mkubwa na kutomkosoa mbele za watu, na malezi hayo yana faida kubwa. Ni kwa heshima na kuaminiana kwamba mkulima huacha magunia yake ghalani akasubiri malipo, na ni kwa heshima kwamba dereva hurudi na fedha zote za mzigo.

Hata hivyo heshima ile ile ikikutana na bosi asiyejijua, huwa kifuniko. "Sawa mzee" inaweza kuwa na maana ya nakubali, na inaweza kuwa na maana ya nimechoka kusema. Bosi anayejitambua huzitofautisha. Asiyejitambua huhesabu kila "sawa mzee" kuwa kura ya kumuunga mkono, na kadiri watu wanavyozidi kumwogopa ndivyo anavyozidi kuamini kwamba mambo yake yanakwenda vizuri.

Isidhaniwe kwamba ugonjwa huu ni wa mabosi wakali peke yao. Yupo bosi mpole ambaye anajua mpwa wake anapunja mizani lakini hawezi kumwambia, kwa kuogopa maneno ya ukoo. Yupo anayejua kila kitu, ambaye kila wazo la mwenzake analimalizia kabla halijatamkwa. Yupo mwenye woga wa kupitwa, ambaye akisikia jirani amenunua magunia 500 naye hukimbilia kununua 600 bila hesabu. Kila mmoja ana tundu lake katika mfuko, na kujitambua maana yake ni kulijua tundu lako wewe, si la jirani.

Kuna na lile la kufundisha bila kujua. Mnunuzi wa vitunguu anayemwambia kijana wake, "Mimi nataka faida, sitaki kujua umeipataje," asishangae siku maofisa wa Wakala wa Vipimo wanapokuta lumbesa katika mzigo wake. Katika soko la vitunguu la Misuna mjini Singida, ambako mzigo hununuliwa kupelekwa mikoa mingine na nchi jirani, suala la vipimo limelalamikiwa kwa miaka mingi. Kijana alijaza gunia kupita kiasi kwa sababu alisikiliza kile bosi wake anachokisifu, si kile kilichobandikwa ukutani.

Wafanyakazi waliposema: 1971 hadi 1973

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya semina. Historia ya viwanda vya Tanzania inaonyesha vingine. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na katika ibara yake ya 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu. Maneno hayo yaliandikwa kwa viongozi wa siasa na wa mashirika, lakini wafanyakazi viwandani waliyachukua kama kipimo cha mabosi wao. Kwa takriban miaka miwili iliyofuata, migomo ilizuka katika viwanda kadhaa, hasa vya Dar es Salaam.

Profesa Issa Shivji, aliyeichambua migomo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, alionyesha kwamba mingi haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara. Ilihusu namna watu walivyotendewa: matusi, dharau na uonevu wa mameneja. Mwaka 1973 katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, wafanyakazi walifikia hatua ya kumfungia nje mwenye kiwanda na kushika uendeshaji wao wenyewe.

Siasa za wakati ule zimepita, na leo mashine nyingi za Singida ni mali ya watu binafsi. Somo lililobaki kwa mfanyabiashara ni kwamba malalamiko ya aina hii hayaonekani katika daftari la mishahara. Mameneja wengi wa miaka ile walikuwa wanalipa mishahara, wakadhani hivyo tu vinatosha. Siku hizi kibarua wa Singida hagomi. Huondoka kimya kimya kwenda kwa jirani mwenye mashine katikati ya msimu, na huondoka na ujuzi wa kuisikiliza mashine ambao haukuandikwa popote.

Neno la Mwalimu, mwaka 1984

Mfano wa pili unahusu kiongozi wa juu kabisa, na unawagusa moja kwa moja wanaouza na kununua mazao. Mwaka 1972 serikali za mitaa ziliondolewa nchini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kukusanya na kuuza mazao ikaangukia vijiji na mashirika ya umma. Mkulima akabaki na mnunuzi wa serikali ambaye mara nyingi alichelewa kufika na kuchelewa kulipa. Mwaka 1982 sheria mpya zilipitishwa kurudisha vyote viwili, ushirika na serikali za mitaa.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Julius Nyerere alihojiwa na jarida la Third World Quarterly linalochapishwa Uingereza. Alieleza kwamba kama angeanza upya, kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Hakumsukumia lawama waziri wala katibu. Mwaka uliofuata, 1985, aliondoka madarakani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu huyu hakuwa mgeni wa kujikosoa. Mwaka 1962 alikuwa ameandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwataka wana-TANU waseme ukweli kuhusu makosa yao wenyewe. Alikuwa anaijua dawa miaka 14 kabla ya uamuzi wa 1976, na bado ilipita miaka sita kabla ya sheria ya ushirika kurudishwa, na minane kabla ya yeye kutamka neno lile. Hii inamwonyesha msomaji wetu mambo mawili. Kwanza, kukiri hakumwangushi kiongozi. Mwalimu hakupungukiwa heshima kwa maneno yale. Pili, kuamini kujikosoa ni kitu kimoja na kuwa na njia ya kupata habari mbaya mapema ni kitu kingine. Nchi inaweza kuhimili kuchelewa miaka minane, ingawa kwa gharama kubwa kwa mkulima. Mwenye mtaji wa mkopo hawezi kuhimili hata miezi minane.

Bei inapogeuka

Umuhimu wa kuchelewa au kuwahi ulionekana karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2022 vita vya Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, vilipandisha bei ya mafuta ya kula kila mahali. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ilizuia kuuza nje mafuta hayo, na ikaondoa zuio tarehe 23 Mei. Wiki zilizofuata bei ya mawese katika soko la dunia ilianguka kwa kasi.

Mwaka mmoja kabla, 2021, Serikali ilikuwa imezitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kuongoza kampeni ya kuongeza kilimo cha alizeti. Wakulima waliitikia. Kufikia msimu wa 2022/23 bei ya mbegu ilikuwa imeshuka, na wakulima pamoja na wabunge walilalamikia mafuta ya nje yaliyoingia kwa kodi nafuu. Suala hilo lilizungumzwa hadi bungeni.

Hakuna bosi wa Singida anayeweza kuizuia Indonesia wala kupanga kodi ya forodha. Lakini bei haishuki siku moja kila mahali. Kabla mwenye ghala hajajua, wapo wanaoona dalili: muuza madumu kando ya barabara kuu anayeona magari yanapita bila kusimama, dereva anayerudi na mzigo kwa sababu dukani mna mafuta ya nje, wakala wa kijijini anayeona wakulima wanaanza kumfuata yeye badala ya yeye kuwafuata. Watu hawa watatu ndio soko la wiki la mwenye mashine, tena bila malipo ya ziada. Watasema au hawatasema kutegemea walichovuna mara ya mwisho walipoleta habari isiyopendeza. Bosi aliyejibu, "Wewe huna imani na biashara hii," amejifungia dirisha kwa mkono wake.

Wataalamu wanasemaje

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harry Ingham, walitoa mfano wa dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale unayoyajua kuhusu nafsi yako na wengine wanayajua. Cha pili ni yale ambayo wengine wanayaona na wewe huyaoni. Cha tatu ni yale unayoyajua wewe na kuyaficha. Cha nne ni yale ambayo bado hakuna anayeyajua. Mfanyabiashara hupata hasara zaidi katika kioo cha pili, na kioo hicho hakifunguki kwa kujitafakari peke yako chumbani. Kwa maana yake yenyewe, funguo zake ziko mikononi mwa watu wengine.

Utafiti mwingine unawafaa wanaopenda kujisifu kwamba kwao hakuna matatizo. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: wodi zenye uongozi mzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Uchunguzi wa ziada, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha sababu. Katika wodi hizo wauguzi hawakuogopa kutaja kosa, kwa hiyo yalionekana na yakarekebishwa. Kwingineko yalifichwa. Kwa hiyo mwenye mashine ambaye msimu mzima hajaletewa taarifa hata moja ya kosa asifurahi haraka. Ajiulize kama mashine yake haina kasoro, au kama watu wake hawana mdomo.

La kufanya msimu huu

Mambo yafuatayo hayahitaji mtaji. Yanahitaji daftari la shule na uvumilivu.

1. Anzisha daftari la pili. Kila jioni wakati wa manunuzi andika mistari mitatu: leo nimeamua nini na kwa sababu gani, nani alikuwa na mawazo tofauti, na mimi nilimjibuje. Ukinunua mzigo mkubwa andika pia bei unayotarajia kuuzia. Baada ya mwezi soma yote kwa pamoja. Utashangaa kuona kosa lile lile limejirudia kwa majina tofauti. Pale unapoweza, weka gharama yake kwa shilingi, kama ulivyofanya kwa dizeli.

2. Uliza kwa namna inayojibika. Usimwite kijana ofisini ukamwuliza, "Je, mimi nina makosa gani?" Hatakujibu, na malezi yake hayamruhusu. Mwulize fundi, "Mashine hii ingekuwa yako, kesho asubuhi ungeanza na nini?" Mwulize karani, "Wale wakulima wa jana waliondoka wakisemaje?" Mwulize dereva, "Huko ulikopita wenzetu wananunua bei gani, na sisi wanatusemaje?" Maswali hayo yanampa njia ya kusema ukweli bila kukuvunjia heshima. Kisha nyamaza mpaka amalize.

3. Tafuta mtani wa kazini. Mila zetu zilikwisha kuliona tatizo hili. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mkubwa ukweli mchungu hata msibani, na mkubwa hana ruhusa ya kununa. Katika biashara chagua mtu mmoja au wawili ambao mshahara wao hautoki kwako: mfanyabiashara mwenzako wa bidhaa nyingine, mwalimu mstaafu, mzee wa soko. Mpe ruhusa hiyo kwa maneno ya wazi, na mara moja kwa mwezi aje akae na watu wako bila wewe kuwepo. Wengi wana mshauri mzuri nyumbani pia, mke au mume anayetunza fedha, ambaye anaona mengi na huulizwa machache.

4. Chunga dakika ya kwanza. Habari mbaya inapoletwa, watu wote ghalani hutazama uso wako. Neno la kwanza liwe la kumshukuru aliyeleta, la pili liwe swali. Lawama, kama ipo, ingoje hesabu. Na pale habari ilipookoa fedha, mleta habari apate kitu, hata kama ni kidogo, na wenzake wajue amepewa kwa ajili gani.

5. Usimwachishe mtu kazi siku uliyokasirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ulinzi huo dhidi ya kuachishwa isivyo haki hauwahusu wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja, na wapo wenye mashine wanaojiona salama kwa kuwa vibarua wao ni wa msimu. Salama hiyo ni ya mahakamani tu. Anayefukuzwa kwa matusi mwezi Juni huenda kuwasimulia wakulima wa kijiji kizima, na hao ndio wanaochagua wampelekee nani alizeti yao.

6. Rekebisha jambo moja, waziwazi. Usitangaze kwamba umebadilika. Kama umegundua unakata watu kauli, waambie wafanyakazi kwamba katika kikao cha Jumatatu utasema wa mwisho, kisha ufanye hivyo kwa miezi mitatu. Watu hawaamini tangazo. Wanaamini Jumatatu ya kumi.

Kwa viongozi wa vyama vya ushirika jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu fedha si zao. COASCO hukagua hesabu za chama, lakini hakuna mkaguzi anayekuja kupima kama mwenyekiti humwacha mwanachama amalize hoja yake. Mkutano ambao kila ajenda inapita bila swali hauna budi kumtia mwenyekiti wasiwasi.

Kwa mwenye mtaji mdogo

Anayetaka kuingia ubia katika mashine, kukopesha kupitia kikundi au kununua mzigo kwa pamoja na mwenzake huomba kuona ghala, mizani na vitabu vya hesabu. Afanye hivyo, kisha aongeze saa mbili za kukaa na kutazama. Bosi anapoingia, mazungumzo yanaendelea au yanakatika? Ukimwuliza fundi swali, anajibu au anamtazama bosi kwanza? Mafundi wangapi wamepita katika misimu mitatu iliyopita, na waliondoka kwa nini? Bosi akisafiri kwenda Dodoma kwa siku tatu, nani ana mamlaka ya kununua, na kwa kiwango gani? Mwisho mwulize bosi mwenyewe akueleze uamuzi mmoja aliokosea msimu uliopita na alichobadilisha. Asiyekuwa na hata mmoja, ama hatunzi kumbukumbu ama hasikilizi. Kwa vyovyote fedha yako iende kwake polepole, kwa awamu.

Wenye hisa katika kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, wanaweza kutumia kipimo hicho hicho katika mkutano mkuu wa mwaka. Wasikilize namna mwenyekiti anavyojibu swali la mwenye hisa 200. Majibu yake kwa mdogo yanaeleza jinsi anavyopokea habari kutoka kwa walio chini yake.

Bei ya alizeti itaendelea kupanda na kushuka, na mengi yanayoipandisha na kuishusha yapo mbali na Singida. Mwenye biashara hana mamlaka juu ya hayo. Ana mamlaka juu ya muda unaopita kati ya siku wakala wake wa kijijini anapoona bei inageuka na siku yeye mwenyewe anapojua. Muda huo unaweza kuwa saa moja, na unaweza kuwa mwezi mzima. Kabla ya lori la kwanza kutoka, mwenye mashine akae na watu wake, aulize maswali yale matatu, na afungue ukurasa wa kwanza wa daftari la pili.